Kona ya Fundi: Mgeni katika mtandao wa nyumbani

 

Toleo hili nilikusudia kuandika juu ya programu za kusahihisha tahajia. Ile makala ipo, imekaa nusu, itakuja. Lakini likizo ya Desemba imeniletea jambo lingine, na kwa kuwa wanachama watatu wameshaniuliza swali lilelile muhula huu, naona bora nilimalize sasa: kwa nini kompyuta yangu haifungui folda za pamoja, na kompyuta ya mwenzangu hapo hapo inazifungua?

Nitaeleza kwa kisa changu, maana nilikosea karibu kila mahali panapokoseka.

Nyumbani kwetu, nyuma ya televisheni, kuna kisanduku cheusi kidogo chenye diski mbili ndani. Baba alikinunua nikiwa darasa la nne. Kimeunganishwa na ruta kwa waya, na kazi yake ni kuweka mafaili ambayo mtu yeyote wa nyumba anaweza kuyafungua kutoka kompyuta yake. Humo mna picha za harusi za shangazi zangu, mna hati za nyumba, na mna folda moja Baba ameiita BIBI. Ni sauti. Kila kiangazi tulipokwenda Unguja, Baba alikuwa akiweka kinasa sauti kidogo karibu na Bibi wakati anakuna nazi, na Bibi alikuwa akisimulia hadithi. Bibi hatunaye tena. Zile sauti ziko mahali pamoja tu duniani, nyuma ya televisheni yetu.

Mnajua kwamba mwezi wa pili tuna usiku wa hadithi. Katibu aliniuliza nitaleta nini, nikamjibu kwa kujiamini, "Nitaleta sauti ya Bibi." Nikaenda nyumbani na laptopu yangu mpya, nikakaa sebuleni, nikaandika anwani ya kisanduku. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, kisha ikaniambia kwamba njia ya mtandao haikupatikana, na chini yake namba 0x80070035.

Mdogo wangu akachukua laptopu yake ya zamani, yenye Windows 10 na kioo kilichopasuka, akafungua folda ile ile kwa sekunde mbili. Akacheka. Nami ndiye fundi wa gazeti la chama.

Hatua ya kwanza: mko mtandao mmoja?

Swali hili ni la aibu kwa urahisi wake, na ndiyo maana watu hulipita. Mimi nililipita kwa saa nzima. Nilizima na kuwasha kila kitu, nikabadilisha mipangilio ambayo haikuwa na kosa lolote.

Fanya hivi. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, bonyeza ingiza. Tafuta mstari wenye anwani ya IPv4. Kwenye nyumba nyingi anwani huanza na 192.168, kisha namba mbili nyingine. Fanya hivyo hivyo kwenye kompyuta inayofanya kazi. Kama namba tatu za mwanzo zinafanana, kwa kawaida mko pamoja. Kama ya kwako inaanza na 169.254, maana yake kompyuta yako iliomba anwani kwa ruta na haikupewa, kwa hiyo imejipachika yenyewe. Hapo tatizo ni waya, waifai au ruta yenyewe, wala usihangaike na folda.

Ya mdogo wangu ilisema 192.168.1. Ya kwangu ilisema 192.168.50. Nikakumbuka. Siku niliyofika na laptopu mpya nilimwuliza Mama neno la siri la waifai, akanipa lile lililobandikwa kwenye friji. Lile ni la wageni. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mitandao miwili: mmoja wa wenye nyumba, mwingine wa wageni, na yule wa wageni hupewa intaneti tu; haoni mashine nyingine za nyumbani. Ni utaratibu mzuri. Mgeni anakaribishwa sebuleni, hapelekwi chumbani kufungua makabati.

Nikamwambia Mama, "Umenipa mtandao wa wageni." Akajibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua, "Si ndivyo unavyokuja? Wikendi mbili kwa muhula."

Sikuwa na la kujibu. Nikahamia mtandao wa nyumba.

Kwa mnaoishi bweni, jambo hili lina ndugu yake. Ukiwa nje ya chuo, folda za idara hazionekani mpaka uwashe VPN ya chuo. Na kinyume chake ni kweli pia: ukiwa nyumbani na VPN imewashwa, wakati mwingine kompyuta inapeleka kila kitu chuoni, na printa iliyo mezani pako haionekani. Zima, jaribu, washa tena.

Hatua ya pili: jina au anwani?

Mashine katika mtandao huwa na jina na anwani. Jina ni kwa ajili yetu, anwani ni kwa ajili yao. Ikiwa unaandika \\KISANDUKU na haifunguki, jaribu anwani yenyewe, mfano \\192.168.1.20. Ikifunguka kwa anwani na ikagoma kwa jina, basi barabara ni nzima, ila kompyuta yako haijui jina lile ni la nani. Unaweza kutumia anwani na kuendelea na maisha, mradi uiambie ruta impe kisanduku anwani hiyo hiyo kila siku, maana vinginevyo inaweza kubadilika.

Wengi hutumia amri ya ping kuuliza kama mashine ya pili iko hai. Ni nzuri, lakini usiiamini mno. Mashine ikijibu, ipo. Isipojibu, huenda ipo ila imeambiwa isijibu. Swali bora zaidi ni kuuliza mlango wenyewe. Kushirikiana mafaili kwa Windows hupita katika mlango namba 445. Kwenye PowerShell andika:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Ikisema True mwishoni, mlango uko wazi na kuna anayesikiliza. Yangu ilisema True. Nikafurahi mapema.

Hatua ya tatu: mlinzi wa mlangoni

Ingekuwa False, ningetazama ukuta wa moto, yaani programu inayolinda milango ya kompyuta. Hili linahusu zaidi ile kompyuta inayotoa mafaili. Windows inapoungana na mtandao mpya huuamua kuwa wa umma au wa faragha. Ukiwa wa umma, kama ule wa mkahawani, kompyuta hujificha na hufunga milango. Ukiwa wa faragha, inakubali kuonekana na majirani. Basi kama folda iko kwenye laptopu ya mwenzako wa chumba, mwambie aingie kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, aufanye ule wa nyumbani kuwa wa faragha, kisha aruhusu kugunduliwa na kushirikiana mafaili. Asizime ukuta wote. Na akirudi mkahawani, ahakikishe ule wa mkahawani umebaki wa umma.

Hatua ya nne: wewe nani?

Sasa nikaandika tena anwani ya kisanduku. Safari hii jibu lilikuja haraka, na lilikuwa jipya. Kwa maneno yangu: huwezi kufungua folda hii kwa sababu sera za usalama za shirika lako zinazuia wageni wasiojitambulisha.

Shirika langu? Laptopu ni yangu, nimeinunua kwa mshahara wa kupanga rafu za duka usiku. Nilidhani chuo kimeingia ndani yake, maana nilikuwa nimefungua humo barua pepe ya chuo. Nikaondoa akaunti ya chuo, nikawasha upya. Jibu lile lile. Nusu saa nyingine imekwenda, na barua pepe za chuo sizipati.

Kumbe maneno yale hutokea hata kama huna shirika. Maana yake ni hii. Baba alipoweka kile kisanduku hakuweka neno la siri. Kila anayebisha huingia kama "mgeni", bila jina. Kompyuta za zamani zilikubali kuingia hivyo. Lakini Windows 11 toleo la 24H2, lililoanza kutolewa mwaka 2024, likiwa la aina ya Pro, halikubali tena kuingia mahali kama mgeni. Matoleo ya Enterprise na Education yalikuwa yameshakataa miaka kadhaa kabla. Tena matoleo hayo matatu ya 24H2 hudai kila ujumbe uwe na sahihi, ili ijulikane kwamba hakuna aliyeubadilisha njiani, na mgeni asiye na jina hana cha kuwekea sahihi. Ndiyo maana laptopu ya mdogo wangu iliingia na yangu ikazuiwa. Ya kwangu haikuwa mbovu. Ilikuwa inakataa kupita mlango usio na komeo.

Sababu za ukali huo ni za kweli. Lugha ambayo kompyuta hutumia kushirikiana mafaili inaitwa SMB, na ilizaliwa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mitandao ilikuwa ya watu wanaojuana ofisini. (Ile programu huru inayozifanya mashine zisizo za Windows ziongee lugha hiyo inaitwa Samba. Mtunzi wake, Andrew Tridgell wa Australia, alitafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi s, m na b. Angekuwa Mswahili labda leo tungekuwa tunaiita Simba.) Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika tundu la SMB ya kwanza, vikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Hapa Uingereza hospitali zilihairisha miadi na wagonjwa wakarudishwa. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla, ila wengi hawakuwa wameiweka. Tangu mwishoni mwa 2017 Windows imekuwa ikiiondoa SMB ya kwanza, au kuiacha imezimwa.

Nasema haya kwa sababu saa sita za usiku utakapotafuta msaada, utaambiwa na wengi kwamba dawa ni kubadilisha mpangilio mmoja ili kompyuta ikubali wageni tena, au kuirudisha SMB ya kwanza. Inafanya kazi. Nilikuwa nimeshafika hapo, kidole kiko juu ya kibonyezo. Lakini ni sawa na kung'oa mlango wako kwa sababu jirani hana ufunguo. Ukifanya kwenye kompyuta yako, umeilegeza kila mahali itakapokwenda, pamoja na bweni lenye watu mia tatu.

Dawa iliyo sawa ni kumfanya mgeni awe mwenyeji. Kisanduku kipewe watumiaji wenye majina na maneno ya siri.

Kwa hilo nilihitaji kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa kisanduku, na mwenye funguo ni Baba, naye alikuwa kazini. Nikampigia.

"Baba, shikamoo. Nahitaji nywila ya kile kisanduku."

"Marahaba. Nahitaji nini?"

"Nywila."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Neno la siri, Baba."

"Aa, pasiwedi! Sema basi. Muulize mama yako, iko kwenye daftari la upatu."

Na kweli, kwenye daftari la upatu wa Mama, baada ya ukurasa wa nani kapokea mwezi gani, palikuwa na neno la siri la kisanduku kwa mwandiko wa Baba. Mwalimu wetu wa isimu atanisamehe: kamusi inasema nywila, sebule inasema pasiwedi. Vivyo hivyo kwa folda. Vitabu vya tafsiri vinasema kabrasha, lakini Mama anasema kabrasha ni kile kitu mabwana wa ofisi walikuwa wakikibeba kwapani. Nimeamua hapa kuandika folda, na atakayeudhika aandike barua, tutaichapisha.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa dakika kumi. Niliingia kwenye ukurasa wa kisanduku kwa kivinjari, nikaweka programu yake mpya kabisa iliyopo, nikachagua SMB ya pili kuwa ya chini inayokubaliwa, nikafungua akaunti nne: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu. Nikafuta mgeni. Kisha kwenye laptopu nikaandika anwani, ikaniuliza jina na neno la siri, nikajibu, na folda zote zikajitokeza.

Mambo mawili hukwamisha watu katika hatua hii. La kwanza: pini unayofungulia laptopu si neno la siri, na haivuki mtandao. Ikiwa folda iko kwenye kompyuta ya Windows ya mwenzako, utahitaji neno la siri la akaunti iliyo kwenye kompyuta yake. La pili: Windows hukumbuka majina ya zamani. Ukibadilisha neno la siri, inaweza kuendelea kupeleka lile la zamani kimyakimya na kukataliwa. Fungua sehemu ya Windows inayoitwa Credential Manager, futa kilichoandikwa kwa jina la mashine ile, jaribu upya.

Hatua ya tano: milango miwili

Kulikuwa na kituko cha mwisho. Folda ya BIBI ilionekana, lakini nilipobonyeza nikaambiwa sina ruhusa. Picha za harusi zinafunguka, Bibi hafunguki.

Folda ya pamoja ina milango miwili. Mmoja ni ruhusa ya kushirikiana: nani anaweza kuifikia kwa mtandao. Wa pili ni ruhusa ya folda yenyewe kwenye diski: nani anaweza kusoma, nani kuandika. Unapita kama milango yote miwili imekuruhusu. Wenye masharti makali ndio unaoamua. Baba aliwahi kuifunga ile folda ili mdogo wangu, akiwa mdogo kweli, asifute kitu. Nikaingia tena kwa funguo za Baba, nikatupa sote ruhusa ya kusoma, na yeye peke yake ruhusa ya kuandika. Kwa sauti za marehemu, kusoma kunatosha.

Ikafunguka. Mafaili arobaini na moja. Nikafungua la kwanza, na kabla ya Bibi kusema neno nikasikia mbuzi ya nazi, krr, krr, na jogoo wa jirani. Kisha paukwa yake. Mama aliacha mchele akaja kukaa chini karibu na meza.

Katikati ya faili la saba Bibi anakatisha hadithi na kuuliza, "Huyu mtoto anafahamu ninayosema?" Sauti ya Baba inajibu, "Anafahamu kila kitu, Mama, ila hujibu kwa Kiingereza." Bibi anacheka, anasema, "Basi siku moja atajibu," na anaendelea na sungura wake.

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Sikumbuki siku ile. Hilo ndilo faili nitakalolileta mwezi wa pili.

Kabla hujafunga gazeti

Muhtasari kwa mwenye haraka, kwa mpangilio huu huu na usiruke: mko mtandao mmoja? Anwani inafunguka hata kama jina limegoma? Mlango 445 uko wazi? Umejitambulisha kwa jina na neno la siri sahihi? Una ruhusa kwenye milango yote miwili? Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika ulichobadilisha, ili ukikosea uweze kurudi. Kama ni kompyuta ya chuo, fika mpaka swali la pili tu, kisha nenda kwenye dawati la msaada ukiwa na namba ya kosa imeandikwa. Watakupenda.

Na jambo kubwa kuliko yote. Usiku ule kisanduku kilikuwa kikitoa mlio ambao diski haitakiwi kutoa. Kuwa na diski mbili ndani hakutoshi. Kikianguka, zinaanguka zote mbili. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Sasa sauti za Bibi ziko kwenye kisanduku, kwenye diski ya nje iliyo kwenye kabati la Mama, na kwa shangazi yangu Unguja, ambaye ameniambia amezisikiliza zote kwa siku mbili na kwamba hadithi ya tatu Bibi aliikosea mwisho.

Kama nyumbani kwenu kuna sauti ya mtu mzima mahali pamoja tu, zitafute likizo hii. Ukikwama, niandikie kupitia kwa katibu, utaje namba ya kosa. Toleo lijalo, inshallah, tahajia.

Fundi wenu